Baseball Savant: nani wa moto, nani kapoa, na ni bure kabisa
Jamani mimi niko huku Marekani, kazini wakanivuta kwenye fantasi ya besiboli (unaunda timu yako ya kufikirika ya wachezaji halisi, unapata pointi kwa wanavyocheza) nikaingia kichwakichwa, mwaka wa kwanza nikalipia programu moja (sitaji jina) ya kunionyesha wachezaji wa moto, kumbe inaangalia wiki iliyopita tu basi! Nikamtema mpigaji wangu eti kapoa, wiki mbili baadaye anamwaga homurani (mipigo inayovuka ukuta wa uwanja) kwa jamaa aliyemuokota, nilinuna wee.

Sasa natumia Baseball Savant, tovuti ya takwimu ya MLB (ligi kuu ya besiboli huku), hulipi hata senti. Unafungua jina la mchezaji unaona viduara, vyekundu mambo safi, vya bluu hali tete, ila mimi nashuka moja kwa moja kwenye grafu ya xwOBA, yaani alistahili kupata nini kwa jinsi anavyougonga mpira, naangalia zamu zake 100 za mwisho za kupiga. Mtu anagonga mpira unatoka kwa maili 95 kwa saa na zaidi halafu wanaudaka tu kila siku, huyo hajapoa, ana mkosi, mchukue fasta. Yule wa vipira laini vinavyobahatika kuangukia penye uwazi, muuze mapema kabla wenzio hawajashtuka.

Jumapili usiku, chai pembeni, ndo ratiba yangu.