Kinga ya jua: ununue nini kwanza?

Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua kofia. Si kapelo, maana kapelo inaacha masikio na shingo wazi. Chukua kofia ya pama yenye ukingo wa kama sentimita 8 kuzunguka pande zote, na kabla ya kulipa iinue uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona vitundu vinameremeta, iache hapo hapo dukani. Shati la mikono mirefu nalo lipime hivyo hivyo. Yapo mavazi yenye alama ya UPF 50, yaani yanapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya miale ya urujuanimno (UV, miale ya jua isiyoonekana inayodhuru ngozi), lakini shati la rangi iliyokoza lililofumwa kwa kubana nalo linasaidia sana. Nguo haihitaji kupakwa upya, ndiyo maana naiweka mbele ya chupa yoyote.

Nafasi ya pili ni losheni ya kukinga jua, na hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya UVB, miale inayounguza ngozi. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale hiyo; SPF 50 huzuia 98. Hakuna haja ya kujikamua kwa ajili ya 100. La muhimu zaidi ni UVA, miale inayozeesha ngozi na kupenya hata kioo cha dirisha. Tafuta maneno "broad spectrum", herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama kadhaa za kujumlisha.

Kisha fikiria wingi. Uso na shingo vinahitaji mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada, mwingine kwenye cha kati, toka shinani hadi nchani, na kila baada ya saa mbili unarudia ukiwa juani. Kwa hiyo chupa kubwa ya bei nafuu unayoimimina bila uchungu ni bora kuliko kichupa cha kifahari unachokionea huruma.

Wenye ngozi nyeusi, jaribuni kwanza mkononi: zinki oksidi na titani dioksidi mara nyingi huacha weupe kama majivu. Kama una mabaka usoni, chagua yenye rangi ya ngozi iliyotiwa oksidi za chuma, kwani hata mwanga wa kawaida huyakoleza. Mwenye ualbino asitegemee losheni peke yake. Mavazi kwanza, kila siku.

Miwani ni ya tatu. Iwe na alama ya UV400, yaani inazuia miale ya UV. Weusi wa kioo si kinga.

Spreyi naiweka mwisho kabisa. Upepo unaipeperusha, hujui umepaka kiasi gani, na ni rahisi kuivuta puani. Poda usihangaike nayo.

Mtoto wa chini ya miezi 6 mtafutie kivuli na nguo nyepesi, si losheni.

Na usilipe kabla ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukishanunua, usiiache chupa ndani ya gari lenye joto, dawa yake inaharibika.