Picha Zinazojituma: Nimejaribu Flickr na IFTTT, Kisha Dropbox na Zapier

Habarini za wakati huu, wapendwa. Niko studio, Mikindani hapa Mtwara, na hiyo kelele mnayoisikia ni bodaboda wa hapo nje, wamezoea. Leo si kamera wala lenzi. Leo naongelea ile meseji ya saa moja asubuhi: "Dada, picha zangu vipi?" Na harusi yenyewe imeisha saa nane usiku! Korosho zikishalipwa huku kwetu, harusi ni Jumamosi hadi Jumamosi, simu haipoi.

Nikasema basi, picha zijitume zenyewe. Mimi nipakie tu kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kuandika orodha, kuweka ukurasani, kutafuta linki ya mteja, hayo yote yafanywe na mtambo.

Nilianza na Flickr, ile tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha picha, maana naipenda. Ipo tangu 2004, tangu 2018 inamilikiwa na SmugMug, na akaunti ya bure inabeba picha 1,000. Nikaiunganisha na IFTTT, huduma ya mtandaoni inayounganisha programu moja na nyingine. Jina hilo ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, maana yake kama "likitokea hili, fanya lile". Kila kiungo wanakiita apleti, na bure unapewa apleti 2 tu. Kuunganisha hakuna shida. Unabonyeza, unapelekwa Flickr, unaulizwa kama unaruhusu, unakubali. Paswedi yako ya Flickr hao IFTTT huwapi, wanapata ruhusa tu, na siku ukiwachoka unaifuta kwenye mipangilio.

Apleti yangu ilikuwa hii: picha yoyote mpya ya Flickr iende kwenye ukurasa wa studio Facebook. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kianzio, yaani lile jambo linaloiamsha apleti, kinaangalia picha za wazi peke yake, zile anazoweza kuziona kila mtu. Picha uliyoifunga hakiioni kabisa. Kwa hiyo ukitaka mtambo ufanye kazi, lazima uanike picha. Mimi nikaweka kila ninachopakia kiwe cha wazi, nikasahau.

Wiki ya pili nikapiga kitchen party, Ligula. Mnajua wenyewe, mlango ukifungwa mle ndani ni wanawake watupu, na mama zetu wanacheza wanavyojua wao. Nikapakia, nikalala. Alfajiri simu: "Mwanangu, mume wangu ameniona nakatika!" Nilifuta huku mikono inatetemeka, nikaenda kwake na kilo ya sukari na doti ya kanga kuomba radhi. Kosa langu mwenyewe, nimekiri. Mtambo ulitumwa, ukatumika.

Kwa hiyo Flickr na IFTTT kwa kazi za wateja, mimi hapana. Nimeibakiza kwa picha zangu za matembezi, lile boma la Wajerumani la hapa Mikindani, ufukwe wa Msimbati. Na kianzio nimebadilisha, sasa ni cha picha za wazi zenye tagi, lile neno la alama unalobandika kwenye picha. Isipokuwa na tagi niliyoichagua mimi, haiendi popote. Kwa hilo naisifu.

Google Photos? Najua mtaniuliza. Tangu tarehe 31 Machi 2025 programu za nje zinaona picha zilizopakia zenyewe, au unazozichagua wewe kwa mkono, maktaba yako nzima haziioni tena. Zile video za zamani za "unganisha Google Photos na kila kitu" zipiteni.

Ninachotumia sasa ni Dropbox, hifadhi ya mafaili mtandaoni, na Zapier, mtambo wa kuunganisha programu kama IFTTT. Dropbox ya bure ni GB 2, ndogo kweli. Piga hesabu: picha 300 za MB 8 kila moja ni GB 2.4, harusi moja tu na imeshamwagika. Na Zapier ya bure inakupa kazi 100 kwa mwezi, kianzio kimoja na kitendo kimoja, basi. Ukiiambia ishike kila picha moja moja, harusi moja inamaliza mwezi na deni juu.

Ujanja nilioupata ni huu. Picha za mteja zote nazifunga kwenye faili moja la zip, nimeshazipunguza ukubwa. Faili linaingia folda niliyoiita Tayari, na Zapier inaangalia folda hiyo peke yake. Mteja mmoja, faili moja, kazi moja. Kwenye mipangilio ya kianzio chagueni itoe linki, msichague ibebe faili lenyewe, zip ni zito. Kisha kitendo: iandike mstari mpya kwenye Google Sheets, ile karatasi ya jedwali ya mtandaoni: jina la faili, saa, linki. Mteja akishashusha, nafuta, nafasi inarudi.

Mbona siwatumii barua pepe moja kwa moja? Jamani, bibi harusi gani wa Mtwara anafungua barua pepe? Mdogo wangu anafungua hiyo karatasi kwenye simu, anachukua linki, anamrushia mteja WhatsApp. Hapo bado ni mkono wa mtu, na kusema kweli baada ya yale ya Ligula naona afadhali.

Raha nyingine, kazi inafanyika kwenye kompyuta za Zapier huko huko. Faili likishapanda, umeme ukatike, simu izime, mstari utaandikwa. Bando linakulia wakati wa kupakia tu, kwa hiyo mimi napakia usiku.

Kasi yake? Zapier ya bure inachungulia kila dakika 15. Nimedondosha faili la harusi ya Jumamosi nilipoanza kurekodi, hebu tuone... bado... Eeh, huo hapo, mstari wa mwisho chini. Ngoja nimwite mdogo wangu, bibi harusi ameshapiga mara mbili.