Uzoefu wangu: miaka miwili na baiskeli ya sanduku, Utrecht

Baba yangu alikuwa akichukua samaki Deep Sea, pale Tanga, kwa Phoenix nyeusi ambayo keria yake aliichomelea nondo mpaka ikawa nzito kuliko baiskeli yenyewe. Tenga nyuma, mimi mbele kwenye chuma, nimekalia khanga iliyokunjwa mara nne. Ndiyo maana nilipohamia Utrecht na kuambiwa kwamba Waholanzi wananunua baiskeli ya kubebea watoto kwa euro elfu sita, nilicheka kwelikweli. Elfu sita! Baiskeli! Mwaka haukuisha, nikawa mimi ndiye ninayekesha kwenye simu nikilinganisha bei.

Gari hatuna. Tunakaa Leidsche Rijn, kituo cha kulelea watoto kiko Oog in Al, na katikati umepita mfereji wa Amsterdam-Rijnkanaal. Wakati ule mkubwa alikuwa na miaka mitatu, mdogo miezi kumi. Nilianza na baiskeli ya kawaida yenye kiti cha mtoto mbele na kingine nyuma, kama kina mama wengi wa hapa. Ukiwa unaendesha, mambo safi. Kazi ni kusimama. Siku moja niko mbele ya duka, ile namnyanyua tu mdogo, uzito wa mkubwa ukaivuta baiskeli ikalala chini taratibu kama ng'ombe aliyechoka. Mkubwa alikuwa amefungwa mkanda, hakuumia, ila alilia kwa hasira na mimi nikalia kwa woga. Usiku ule mume wangu akasema, "Mama watoto, tutafute lile sanduku."

Sanduku, yaani baiskeli yenye sanduku mbele la kukalia watoto, ndilo jina la nyumbani kwetu mpaka leo. Waholanzi wanaiita bakfiets, na maana ni hiyo hiyo.

Mume wangu alitaka ya magurudumu matatu. Hoja yake ilikuwa moja: chenye miguu mitatu hakianguki. Tukaenda kujaribu. Kwenda moja kwa moja, raha mustarehe. Kwenye taa husimamishi mguu chini, unatafuta funguo mfukoni, hakuna kinachotikisika. Kisha akakata kona kwa mwendo wake wa siku zote, na gurudumu la upande wa ndani likanyanyuka. Alirudi kimya. Baiskeli hizi za matatu nyingi hazilali kwenye kona kama baiskeli ya kawaida, kwa hiyo lazima upunguze mwendo kila unapogeuka, na barabara ikiwa imeinama upande mmoja inakuvuta huko njia nzima. Zipo zinazolala, lakini bei yake usiulize. Sisemi ni mbaya. Jirani yetu mwenye mapacha anayo, anakwenda polepole, hajawahi kulalamika, na watu wa Copenhagen wamekuwa wakipakia watoto kwenye baiskeli za matatu za Christiania tangu miaka ya 1980. Inategemea mwendo wako, na sisi kila asubuhi tumechelewa.

Ya magurudumu mawili ndiyo iliyonitia hofu mimi. Gurudumu la mbele ni dogo, inchi 20, liko kule mbele ya sanduku, na usukani unaligeuza kwa fimbo ya chuma inayopita chini. Jicho linalitafuta gurudumu, halilioni, basi unaanza kuyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Muuzaji alinipa somo fupi: tazama mbali. Nilipoacha kulikodolea macho sanduku nikautazama mti ulioko mwisho wa barabara, ikanyooka. Hata hivyo sikumpakia mtoto siku hiyo wala wiki hiyo. Nilizunguka mtaani na mifuko miwili ya mchele ya kilo kumi kumi, nikiondoka, nikisimama, nikigeuza kwenye njia nyembamba. Mchele ukianguka hauendi kumsimulia bibi kwenye simu.

Kuna na zile za mkia mrefu, watoto wanakaa nyuma yako juu ya keria ndefu. Kwa mtu wa Tanga hizi ndizo zinazoeleweka haraka. Ni fupi, ni nyepesi, na baadhi unaweza kuzisimamisha wima ndani ya lifti. Kama unakaa ghorofani na huna banda la baiskeli, anzia hapo, usihangaike na kitu chenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu. Sisi tuliziacha kwa sababu ya mvua, na kwa sababu mdogo alikuwa akisinzia njiani. Nilitaka kumwona uso.

Sasa mota, mahali ambapo nilitaka kubana hela. Uholanzi ni tambarare, nikajiambia, mota ya nini? Nilisahau upepo, nikasahau madaraja. Fanya hesabu na mimi: baiskeli kilo 50, mimi 72, mkubwa 19, mdogo 12, mabegi na vitu vya sokoni 15. Hizo ni kilo 168 unazozipandisha Dafne Schippersbrug asubuhi, upepo ukikupiga kifuani. Daraja hilo lilifunguliwa 2017, ni la wapita kwa miguu na baiskeli, na njia yake inazunguka juu ya paa la shule; wanangu kila siku lazima wapige kelele kuwasalimia watoto walioko chini. Niliazima sanduku lisilo na umeme kwa siku mbili. Siku ya pili nilishuka katikati ya mpando nikasukuma, na bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu akanipita kwa baiskeli ya umeme huku akinipungia mkono.

Mota ya kwenye gurudumu la mbele ni nafuu, lakini mlimani inachoka mapema, na barabara ikilowa gurudumu linaweza kuteleza. Tulichukua ya katikati, pale penye pedeli. Kisheria inakusaidia mpaka kilomita 25 kwa saa, ukizidi hapo ni miguu yako. Na gia, nakusihi, ziwe za ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa sababu hizo unazibadilisha hata ukiwa umesimama. Za nje mpaka pedeli izunguke. Taa ikiwa nyekundu ghafla ukabaki na gia nzito, kilo 168 haziondoki kwa bismillah peke yake.

Betri yetu ni ya wati-saa 500, na tunatembea kama kilomita kumi kwa siku. Kiangazi naichaji kila siku ya nne. Januari, siku ya pili au ya tatu. Mwaka wa kwanza nilidhani imekufa, kumbe ni baridi tu. Usiku naipandisha ndani, kwa sababu betri iliyoganda haifai kuchajiwa.

Mpya hatukuiweza. Tulipata ya magurudumu mawili iliyotumika kwa euro 3,300, ikiwa imeshatembea kilomita 4,800. Namba ya fremu niliiangalia kwenye tovuti ya polisi ya Stop Heling, isije ikawa mali ya wizi, nikadai funguo zote pamoja na ule wa betri. Kisha nikalala chini sakafuni nyumbani kwa muuzaji, na tochi ya simu, nikakagua kila palipochomelewa chini ya sanduku. Mwenye baiskeli alishangaa, lakini Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa, NVWA, iliizuia kampuni moja kubwa kuuza masanduku yake kwa kuwa fremu zilikuwa zikivunjika, na wenye baadhi ya modeli wakaambiwa waache kuziendesha. Mtoto wa muuza samaki anajua chuma kikianza kuchoka kinatoa ufa mwembamba kama unywele kabla hakijaachia.

Baiskeli tuliyopewa ilikuwa na ubao wa kukalia na mikanda miwili iliyofifia. Basi. Vingine vyote tulinunua, na vilikula kama euro 600 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Mikanda nilibadilisha siku hiyo hiyo; hapa mtoto wa chini ya miaka minane anatakiwa awe na kiti salama chenye kumshika mgongo, mikono na miguu, na sheria isingekuwepo ningefanya vilevile. Kwa mtoto ambaye hajaanza kukaa mwenyewe, zipo beseni maalumu za kufunga ndani ya sanduku.

Stendi niliidharau, na hiyo ndiyo inayoshika kila kitu watoto wakipanda na kushuka. Yetu ina miguu miwili mipana, springi ilikuwa imelegea. Wiki ya tatu mkubwa akakanyaga ukingo kwa pupa, baiskeli ikasogea mbele na stendi ikajikunja. Niliidaka kwa paja, alama ninayo. Tulibadilisha springi, na nikaanza kufunga breki kwa kamba ya kubandika, inayozunguka mkono wa breki na kuubana kwenye hendeli. Bei yake haifiki euro kumi. Sasa mtoto hapandi mpaka kamba ifungwe, na mdogo mwenyewe ndiye anayenikumbusha.

Hema la mvua tulinunua mara mbili. La kwanza rahisi, kutoka mtandaoni. Mishono ilivuja mvua ya kwanza na dirisha la plastiki likapasuka kwenye baridi. La pili ni lile lililoshonwa kwa ajili ya modeli yetu, na mpaka leo liko imara, ingawa ndani linatoa jasho na lazima uliache wazi likauke usiku. Tahadhari ni moja: upepo wa ubavu. Pale juu darajani hema linageuka tanga, na jahazi linataka kwenda Rotterdam. Siku zenye upepo mkali nalivua, nawavika watoto makoti ya mvua, tunalowa kidogo, tunafika.

Kufuli: ya duara nyuma, pamoja na mnyororo wenye nyota mbili za ART, alama ya ubora wa kufuli, maana bima yetu iliidai. Una uzito wa kama kilo nne na unafungwa kwenye kitu kilichochimbiwa ardhini, si kwenye baiskeli nyingine.

Jumamosi moja natoka Kanaalstraat, sanduku limejaa ndizi mbichi, bamia na mihogo, mdogo amekaa juu ya viazi. Nyuma ikaanza kulegea. Pancha. Fundi niliyemzoea, nikapiga simu: nafasi ni Alhamisi. Alhamisi! Na gurudumu la nyuma la baiskeli hii kulifungua ni kazi, kuna nyaya za gia na breki ya diski. Nikakumbuka mzee hakuwa akifungua gurudumu hata siku moja. Nikamshusha mdogo, nikamkalisha kwenye nyasi na ndizi ya kuchezea, nikatoa tairi upande mmoja kwa vijiko viwili, nikavuta tyubu nje kwa mkono, nikajaza upepo. Beseni la maji sina, basi nikaipitisha karibu na mdomo polepole, sentimita kwa sentimita, mpaka midomo ikasikia ubaridi. Kipande cha kioo. Msasa, gundi, subiri, kiraka. Dakika ishirini na tano. Mzee mmoja wa Kituruki alisimama akatazama mpaka mwisho, akaniuliza nimejifunzia wapi. Baada ya hapo nilifunga tairi ngumu zenye ukanda wa kuzuia miba, na upepo naupima kila Jumapili, kwa sababu tairi iliyolegea chini ya mzigo huu ndiyo inayoita pancha.

Malalamiko ninayo. Karakana tuliyoipelekea huduma ya mwaka ilikaa nayo wiki tatu ikisubiri pedi za breki, vitu ambavyo vilitakiwa viwe rafuni. Tangu hapo pedi nanunua mwenyewe mapema. Kingine, kwenye treni haiingii, na maegesho ya baiskeli mengi yametengenezwa kwa baiskeli nyembamba. Unazunguka kama mtafuta kivuli.

Mkubwa sasa ana miaka mitano, magoti yanagonga ubao wa mbele, na ameanza kuendesha yake ndogo pembeni yangu kwenye njia za mtaani. Darajani bado. Akichoka, tunasimama, kamba ya breki inafungwa, baiskeli yake inaingia sandukuni na yeye anakaa juu yake kama mzigo wa mkaa. Mume wangu ameshaanza kuulizia bei ya kuiuza. Nimemwambia tuzungumze mwakani.