Bunduki, sindano na kipini: huduma za kutoga zimepimwa

Anayekwenda kutoga huogopa dakika moja tu, ile ya kuchomwa, na watoa huduma wengi hujinadi kwa dakika hiyohiyo: haraka, haiumi, ukifumba macho umemaliza. Tathmini hii inatumia mizani nyingine. Tundu hutobolewa kwa sekunde chache, lakini ndewe huchukua wiki 6 hadi 8 kupona, ukuta wa katikati ya pua miezi 2 au 3, bawa la pua miezi 4 hadi 6, gegedu la sikio (ile sehemu ngumu ya juu) miezi 6 hadi 12, na kitovu na chuchu miezi 6 hadi mwaka mzima. Muda wote huo kuna kipini, yaani kipande cha madini cha pambo lolote la tundu, kinachokaa ndani ya jeraha bichi. Kwa hiyo hela yako inanunua kipini, pamoja na mtu wa kurudi kwake baada ya wiki kadhaa. Tundu ni nyongeza.

Tuanze na bunduki, kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Ni kifaa cha plastiki chenye springi, na hakina sindano. Kinachopenya ni hereni yenyewe, na ncha yake ni butu ukiilinganisha na sindano, hivyo inapasua nyama kwa nguvu badala ya kuikata. Ndewe ni laini, mara nyingi huvumilia. Gegedu la juu halivumilii. Gegedu halina mishipa yake ya damu; hulishwa na utando mwembamba uliolifunika. Utando huo ukipondwa, kipande cha gegedu hubaki bila lishe na bila askari wa mwili, na vijidudu hapo hujipatia nyumba. Kinachoogopwa zaidi ni Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayependa majimaji na asiyesikia dawa nyingi za kawaida. Huko Oregon, Marekani, mwaka 2000, wateja kadhaa waliotobolewa gegedu kwa bunduki kwenye kibanda kimoja walipata maambukizi ya bakteria huyo, baadhi wakalazwa na masikio yao yakapoteza umbo. Wachunguzi walimkuta hata kwenye chupa ya dawa ya kusafishia. Yaani chupa iliyokusudiwa kuzuia ugonjwa ilikuwa imeubeba.

Kasoro ya pili ya bunduki ni kwamba mwili wake wa plastiki hauwezi kuingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, utayeyuka. Kuufuta kwa spiriti kunasafisha uso wake, hakuuondolei vijidudu vyote. Ya tatu, ambayo watu huisahau, ni hereni inayokuja nayo: urefu ni mmoja kwa kila sikio, na ile klipu ya kipepeo nyuma hubana nyama inapovimba na kukusanya ukoko katika mikunjo yake. Siku ya tatu ndewe nene huwa imeanza kuimeza klipu.

Siku hizi kuna vifaa vya kaseti vinavyobanwa kwa mkono, ambavyo kila kinachogusa sikio hutupwa baada ya mteja mmoja. Hapo tatizo la usafi limepungua kweli. La urefu na la klipu bado lipo. Hukumu: kaseti kwa ndewe, sawa. Bunduki ya springi kwa gegedu au pua, hapana, hata ikiwa ya bure.

Sindano ya kutogea ina uwazi ndani kama mrija, imenolewa kwa mshazari, na hutumika mara moja. Hukata mkato wa umbo la mwezi mchanga na kuisogeza nyama pembeni, kisha kipini hufuata nyuma yake moja kwa moja. Maumivu huwa ya sekunde moja au mbili. Huduma nzuri inatambulika kabla ya hapo: mtogaji ananawa, anavaa glavu, anasafisha ngozi, anaweka alama kwa kalamu ya kitabibu, kisha anakupa kioo na kusubiri. Asipokupa kioo, simama uondoke. Alama ya kitovu huwekwa ukiwa umesimama, kisha hukaguliwa ukikaa, kwa sababu kuna vitovu ambavyo mkunjo wa juu hufunga mtu anapokaa na kukisukuma kipini nje siku baada ya siku. Mtogaji anayekwambia kitovu chako hakifai kwa kipini cha kawaida amekuokolea mwaka wa kidonda. Hiyo ni huduma bora, ingawa umetoka mikono mitupu.

Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako. Vifaa vya kurudiwa, kama vile koleo, vipite kwenye otoklevu: mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi, kutegemea mashine na mzigo. Alama kwenye pakiti inayobadilika rangi inathibitisha kwamba joto lilifika, basi. Kinachothibitisha kwamba mashine inaua ni kipimo cha mbegu za bakteria, kinachofanywa mara kwa mara na kuandikwa kwenye daftari. Omba kuliona daftari. Kuchemsha kwenye sufuria si sawa na otoklevu, wala kile kisanduku chenye taa ya buluu.

Uliza pia unene. Pua hutobolewa kwa milimita 0.8 au 1.0, ndewe na gegedu kwa 1.0 au 1.2, kitovu, ulimi na chuchu kwa 1.6. Wapo wanaoomba chembamba zaidi wakidhani ndicho salama. Mahali panapovutwavutwa, kama kitovuni, kipini chembamba hukata nyama polepole kama uzi unavyokata sabuni.

Sasa kipini chenyewe, ambapo ndipo huduma nyingi huanguka. Neno linalotumika sana kuuzia ni "chuma cha upasuaji". Halina maana yoyote ya kiufundi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, kinachouzwa kwa jina hilo, kina nikeli asilimia 10 hadi 14, na nikeli ndiyo inayowasha watu wengi kuliko madini mengine ya mapambo. Umoja wa Ulaya hauangalii kiasi kilichomo bali kinachovuja: kwa kipini cha kwenye tundu, isizidi maikrogramu 0.2 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Tunachopendekeza kwa tundu bichi ni titani ya kiwango cha ASTM F136, ileile inayotumika kwa vipandikizi vya hospitali. Niobiamu safi inafaa. Dhahabu ya karati 14 au 18 inafaa ikiwa si ya kupakwa na haikuchanganywa na nikeli. Fedha haifai kwa jeraha: huingia weusi na kuacha doa kwenye nyama. Akriliki haivumilii otoklevu na hukwaruzika, na kila mkwaruzo ni maficho. Muuzaji mwenye titani halisi ana cheti cha kiwanda chenye namba hiyo ya kiwango. Asiye nacho atakwambia "ni titani bwana, niamini".

Baada ya madini, tazama meno ya skrubu. Vipini vya bei ya chini vina meno nje ya fimbo, na meno hayo hupita ndani ya tundu kama msasa. Pitisha ukucha kwenye fimbo: ukikwama, kiache. Vizuri vina meno ndani, au havina kabisa na kichwa hubana kwa pini iliyopindwa kidogo. Vya pini hupendeza, ila kichwa kilichosukumwa vibaya huchomoka usingizini, kwa hiyo bana kwa vidole viwili kila baada ya siku kadhaa, mikono ikiwa imeoshwa.

Umbo la kuanzia liwe fimbo iliyonyooka yenye kisahani bapa nyuma, kwa sikio, pua au mdomo. Pete inapendeza kwenye picha, lakini huzunguka, na kila inapozunguka huvuta ukoko mkavu kuuingiza ndani ya jeraha.

Kisha urefu, na hapa tunakaa kidogo. Kipini cha kwanza hutiwa kirefu makusudi ili kuacha nafasi ya uvimbe. Ulimi huanza na fimbo ya milimita 18 hadi 22, kwa kuwa huvimba sana siku 3 hadi 5 za mwanzo; gegedu huanza na 8 hivi. Uvimbe ukiisha, urefu ule uliokuwa rafiki unageuka adui. Fimbo ya sikio hunasa kwenye nywele na mto, hulala upande, tundu hupindishwa, na pembeni yake hutokea kinundu chekundu. Ya ulimi hugonga meno, na wengine huizoea kuitafuna; meno hubanduka vipande na fizi za mbele hurudi nyuma. Dawa yake ni kubadilishiwa fimbo fupi: ulimi baada ya wiki 2 hadi 4, gegedu baada ya wiki 4 hadi 8, kabla tundu halijapona kabisa. Huduma isiyokutajia miadi hiyo siku ya kwanza tunaipa alama ya chini, hata kama mkono wa mtogaji ni mwepesi kama unyoya. Inayoifanya kazi hiyo bila kukutoza ubadilishaji, ukalipia fimbo tu, ndiyo ya kurudiwa.

Upande wa chupa unazouziwa, maelezo ni mafupi. Inayofaa ni moja: maji ya chumvi tasa ya asilimia 0.9, yenye viungo viwili tu kwenye lebo, maji na kloridi ya sodiamu, na inayonyunyiza bila kurudisha hewa ndani. Nyunyiza mara mbili kwa siku, subiri ukoko ulainike, futa kwa shashi, kausha. Pamba huacha nyuzi. Chumvi ya kukoroga nyumbani karibu kila mara huzidi, na maji yaliyozidi chumvi hukausha ngozi ikapasuka. Zile chupa ndogo za dawa ya benzalkoniamu zinazofungashwa na hereni za bunduki ni kali mno kwa matumizi ya miezi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi huua chembe mpya za ngozi sambamba na vijidudu. Marhamu na mafuta ya mgando huziba hewa. Na ushauri wa kuizungusha hereni "isigande" ufutwe kichwani. Tundu halijaribu kushika chuma, linajaribu kujenga ngozi, na kuzungusha ni kuibomoa.

Majimaji meupe au ya manjano hafifu yanayokauka kuwa ukoko ni ya kawaida. Usaha mzito, joto, wekundu unaotanuka na homa si vya kawaida: nenda hospitali, na kipini kibaki mahali pake hadi daktari aamue, kwa sababu tundu likifunga juu usaha hufungiwa ndani. Gegedu likivimba na kuuma lote, usingoje kesho.

Kinundu je? Wengi huona uvimbe mdogo wakasema keloidi. Kinundu cha kusumbuliwa hukaa ukingoni mwa tundu, hutoa majimaji, na hupungua ukiondoa chanzo: urefu, madini, kulalia, kugusagusa. Keloidi ni kovu gumu linalokua kupita mipaka ya jeraha na haliondoki lenyewe. Huwatokea zaidi watu wa ngozi nyeusi, na zaidi kwa aliyewahi kupata au mwenye nayo katika familia. Mtogaji asiyekuuliza hilo kabla ya kushika sindano amekosa swali muhimu kuliko yote. Aspirini ya kusaga na dawa ya meno zinazopakwa juu ya kinundu huunguza ngozi, basi. Hazitibu hiki wala kile.

Bidhaa mbili ndogo zilistahili kusifiwa zaidi ya tulivyotarajia. Mto wenye tundu katikati, sikio likae hewani ukilalia ubavu, unazuia vinundu vya gegedu kuliko dawa yoyote ya chupa. Na fimbo ya kioo isiyo na rangi, kwa anayeingia kwenye picha za sumaku (MRI) au upasuaji: tundu changa hujifunga kwa saa chache, hata dakika, na fimbo hiyo hulishikilia wazi. Mwombe mtogaji akuwekee siku moja kabla, maana ya kitovu ina ukaidi wake na kitanda cha hospitali si mahali pa kujifunzia.