Tathmini: fimbo ya kudondosha ya Michigan, kipimo cha mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo wa vyuo

Mtikisiko wa ubongo hurefusha muda wa kuitikia, na mara nyingine muda huo hubaki mrefu hata baada ya mchezaji kusema kichwa hakimuumi tena. Vyuo vingi vya Marekani huupima kwa kompyuta. Fimbo hii huupima kwa nguvu ya uvutano wa dunia. Imetoka Chuo Kikuu cha Michigan, kwa daktari James Eckner na wenzake, ambao mwaka 2010 walichapisha majaribio ya mwanzo kwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa daraja la juu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani.

Haina betri wala skrini. Ni fimbo nyembamba yenye alama za sentimita, imezungushiwa utepe mkavu usioteleza, na chini yake imechomekwa kwenye kisahani kizito cha mpira. Anayetaka kuitengeneza anaweza kutumia kisahani cha hoki ya barafu: kipenyo sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito gramu 156 hadi 170. Urefu wa sentimita 80 unatosha, kwa kuwa fimbo hiyo huchukua milisekunde 404 kupita yote mkononi. Kisahani ndicho kinachoitofautisha na rula ya shuleni. Kwa rula, mmoja huacha vidole wazi sana na mwingine huvibana karibu kuigusa, kwa hiyo unapima pia muda wa kufunga vidole. Kipenyo cha kisahani humlazimisha kila mtu aanze na uwazi uleule, na uzito wake huifanya fimbo ishuke wima.

Mchezaji huketi, mkono wake wa mbele umelala juu ya meza na kiganja kikiwa nje ya ukingo. Vidole huzunguka kisahani bila kukigusa, na uso wa juu wa kisahani hulingana na uso wa juu wa mkono. Macho yawe kwenye kisahani, si kwenye vidole vya mpimaji. Mpimaji huishika fimbo juu kabisa na kuiachia baada ya sekunde 2 hadi 5, akibadilisha muda huo kila mara bila mpangilio. Mara 2 za kujaribu, kisha mara 8 za kuhesabiwa. Umbali husomwa pale juu ya mkono uliodaka, na hugeuzwa kuwa muda kwa kuzidisha umbali wa mita kwa 2, kugawanya kwa 9.81 na kutafuta kipeuo cha pili. Sentimita 20 ni milisekunde 202. Sentimita 25 ni 226. Geuza kila mdako kwanza, ndipo utafute wastani. Ukianza na wastani wa sentimita unapotoka: midako ya sentimita 12 na 28 ina wastani wa sentimita 20, yaani milisekunde 202, wakati wastani wa kweli wa muda ni 198.

Makosa mengi hutoka kwa mpimaji. Anayehesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo hushikwa mdundo wake kufikia mara ya nne, na mchezaji huanza kubahatisha. Mdako ulio chini ya sentimita 5 ni muda wa chini ya milisekunde 101. Huo si mwitikio, ufute na urudie. Wengine hulegeza vidole kidogo kabla ya kuachia, au huiachia fimbo ikiwa imeinama ikagusa kiganja. Karibu na sentimita 20, kosa la sentimita 1 katika kusoma ni milisekunde 5 hivi, na tofauti inayotafutwa, kati ya kipimo cha kabla na cha baada ya kuumia, ni ndogo kiasi kwamba makosa mawili ya namna hiyo yanaweza kuificha au kuizua. Kwa upande wa mchezaji, angalia kidole kilichoteguka, bendeji ya kifundo cha mkono, usingizi mchache na dawa alizomeza.

Kompyuta nazo zina udhaifu ambao wauzaji hawausemi kwa sauti. Skrini ya kawaida hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, na kipanya nacho huongeza ucheleweshaji wake. Mchezaji akipimwa Agosti kwenye mashine moja na Oktoba kwenye nyingine, sehemu ya tofauti ni ya vifaa. Hata hivyo ImPACT, kipimo cha kompyuta kilichoidhinishwa mwaka 2016 na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, hupima pia kumbukumbu na kasi ya kuchakata mambo, na fimbo haiyagusi kabisa hayo. Tunachoipendea fimbo ni kwamba kujivuta makusudi kwenye kipimo cha awali cha mwanzoni mwa msimu, ili matokeo ya baadaye yasionekane yameshuka, ni kugumu zaidi kitu kinapodondoka mbele ya mtu. Wachezaji wengi huishia kushindana.

Bila kipimo cha awali cha mchezaji mwenyewe, fimbo haina kazi. Usimlinganishe na mwenzake. Pia mtu huzoea: mara ya pili alitakiwa awe mwepesi kidogo, hivyo matokeo yaliyobaki palepale si lazima yawe habari njema. Na hata akidaka vizuri kupita mwanzo, hiyo si ruhusa ya kurudi uwanjani siku hiyo. Dalili, SCAT6 (fomu sanifu ya kuchunguza mtikisiko wa ubongo michezoni) na uchunguzi wa daktari vinabaki, na anayeshukiwa kuwa na mtikisiko hutolewa nje kabla fimbo haijatoka mkobani.

Kasoro ya kifaa chenyewe ni utepe. Jasho na mafuta ya mikono huulainisha katikati ya msimu, fimbo huanza kuteleza kabla ya kushikwa, na timu nzima huonekana imekuwa nzito. Badilisha utepe kabla ya vipimo vya awali, tumia aina ileile mwaka mzima, na andika kwenye fomu mkono uliotumika na jina la mpimaji.