Sekretaria za Lubumbashi kwa mzazi wa mtoto mwenye uoni hafifu: nini cha kulipia, nini cha kukataa

Iwe komini (wilaya ya jiji) ya Kenya, Katuba, Ruashi au mjini kati, sekretaria ni zile zile: kompyuta moja au mbili, mashine ya fotokopi, rundo la karatasi na bei zilizobandikwa mlangoni. Mzazi hufika na kitabu cha mtoto mkononi, anaomba kikuzwe, na sekretere anampa alichoomba. Hapo ndipo pesa inapopotea. Kukuza kwa fotokopi ndiyo huduma dhaifu kuliko zote anazouza. Kinachostahili franka zako ni kuchapa upya maandishi kwenye kompyuta, na baada ya hapo barua ya shule, mradi usimwachie yeye maneno.

Kabla ya yote, mtoto apimwe macho. Kama shida yake inaisha kwa miwani, usitumie hata karatasi moja. Tunayozungumzia hapa ni kwa mtoto ambaye hata akiwa na miwani bado anaweka pua kwenye daftari: mwenye ualbino, glakoma, mtoto wa jicho aliyechelewa kufanyiwa upasuaji, na wengine kama hao.

Tuanze na fotokopi. Kutoka A4 hadi A3 mashine inakuza kwa asilimia 141, kwa hiyo herufi ya pointi 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi kwenye kompyuta) inafika karibu 17. Kwa jicho si mbaya. Shida ni dawati. Karatasi ya A3 ina upana wa sentimita 29,7. Ukizifunga ziwe kitabu na kukifungua, kinakula karibu sentimita 60 za benchi ambalo watoto watatu wanagawana. Mtoto atasukumwa, atachekwa, na kitabu kitaishia nyumbani. Tena mashine inakuza na uchafu. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia kila mahali, na chembe moja kwenye kioo ikiangukia kati ya 2 na 5 katika zoezi la hesabu, 25 inasomeka 2,5. Mstari mweusi unaoshuka kurasa zote, hasa karatasi zikipitishwa kwa juu, mara nyingi ni uchafu kwenye kile kipande chembamba cha kioo cha pembeni. Mwambie sekretere akipanguse kwa kitambaa kikavu, asikuambie ni wino. Na kama kitabu chenyewe ni fotokopi ya fotokopi, ndivyo ilivyo kwa vingi, achague hali ya maandishi badala ya hali ya picha na apunguze giza, la sivyo utapata ukurasa wa kijivu wenye herufi za kijivu.

Michoro na ramani, hizo peke yake, zikuzwe. Lakini ramani ya rangi ikipita kwenye mashine ya nyeusi na nyeupe, Kongo na Zambia zinakuwa kijivu kimoja. Pitisha kwanza maka nyeusi juu ya mipaka na mito, kwenye nakala si kwenye kitabu cha watu, futa majina madogo kwa korekta, yaandike upya makubwa kwa mkono, kisha ndiyo ukuze.

Sasa kuchapa upya. Usiende na agizo la "maandishi makubwa", maana kwa sekretere hiyo inaweza kuwa pointi 14 zenye herufi kubwa tupu. Nenda na maagizo yameandikwa kwenye karatasi: Arial au Verdana, pointi 18, nafasi ya mstari mmoja na nusu, mistari ianzie kushoto bila kunyooshwa upande wa kulia, hakuna herufi za kulala (italiki), hakuna kupigia mstari chini, kichwa cha somo kwa herufi nzito. Kutumia herufi kubwa tupu kunaonekana ni msaada, kumbe kunafanya maneno yote yawe na umbo moja, na mtoto anasoma polepole zaidi.

Na je, 18 ni sawa kwa kila mtoto? Hapana. Lipia kwanza ukurasa mmoja wa jaribio wenye aya moja iliyorudiwa kwa pointi 14, 18, 22 na 26. Mtoto asome kila moja kwa dakika moja, mchana, akikaa kama anavyokaa darasani. Chagua ile ndogo kuliko zote anayoisoma bila kusimama. Wazazi wengi wanakimbilia 26, na kwa mtoto ambaye jicho lake linaona katikati tu, kama kwenye glakoma iliyoendelea, herufi kubwa mno zinamfanya aone herufi tatu kwa mara moja na kupoteza neno.

Ukubwa una bei yake. Kutoka pointi 12 hadi 18 karatasi haziongezeki kwa nusu. Zinaongezeka mara 2,25, kwa sababu herufi inapanuka kwa upana na kwa urefu. Kurasa 40 za sayansi zitakuwa 90 hivi. Patana bei kwa kurasa za mwisho, baada ya ukurasa wa jaribio, kabla kazi haijaanza.

Kosa linalotokea kila siku ni la dakika ya mwisho. Kazi imepangwa kwa A3, mashine ina A4 tu, sekretere anaacha kompyuta ibane ukurasa uingie: pointi 18 zinarudi kuwa chini kidogo ya 13 na hakuna anayegundua. Nenda na rula. Herufi kubwa ya Arial ya pointi 18 ina urefu wa milimita 4 na nusu. Ya pointi 12 ina 3. Pima kabla ya kulipa.

Uliza pia mashine inakula nini. Sekretaria inayofanya kazi kwa jeneretere ndogo kuranti (umeme) ikikatika mara nyingi haina mashine ya laza, maana ile inahitaji umeme mwingi kupasha moto poda, kwa hiyo watakupigia kwa wino wa maji. Jasho la kidole likigusa, maneno yanatambaa. Ni afadhali urudi kuranti ikirudi. Hata ya laza isugue kwa kidole: ikichafua, poda haijashika. Karatasi ya gramu 80 ipigwe upande mmoja, vinginevyo maneno ya nyuma yanajitokeza mbele. Kwa mtoto anayeumizwa na mwanga, tafuta karatasi ya rangi ya krimu au njano hafifu. Kuvika kurasa plastiki kataa kabisa hata ukipewa kwa bei ya chini: inang'aa, na mtoto ataona dirisha badala ya maneno. Kufunga kwa spirali, ndiyo. Kitabu cha A4 kinakunjwa nyuma na kukaa kwenye sentimita 21 za benchi, jirani hana la kusema.

Usiondoke bila faili kwenye flashi yako, na liwe faili la kuandikika, si PDF pekee. Mwakani macho yanaweza kudai 22, na hutalipa kuchapwa mara ya pili.

Barua ndiyo sehemu ambapo sekretaria nyingi zinamharibia mzazi bila nia mbaya. Kompyuta ina modeli tayari, inaanza na «J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute bienveillance», yaani nina heshima ya kuja mbele ya wema wako mkuu, na kuanzia hapo baba au mama anageuka ombaomba. Salamu ya heshima kwa Bwana au Mama Direktere ibaki, hiyo ni adabu. Kilio kitoke. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 43, inasema shule ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za umma. Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu. Na iko sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Mistari mitatu inatosha kuzitaja.

Kisha omba vitu vinavyopimika. "Mumsaidie mtoto wangu" itajibiwa "tutamsaidia". Andika: kiti safu ya kwanza, dirisha likiwa nyuma au ubavuni, maswali ya interogasio (majaribio ya darasani) na mitihani kwa pointi 18, robo ya muda zaidi, yaani dakika 75 badala ya 60, mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni, na kwa mwenye ualbino, ruhusa ya kofia darasani, maana kanuni za shule nyingi zinaikataza. Ambatanisha nakala ya cheti cha daktari, ya asili baki nayo. Ukurasa mmoja, nakala tatu: ya direktere, ya komite ya wazazi, na yako, ambayo inarudi na tarehe, saini na mhuri. Bila mhuri huo, direktere akibadilishwa, hukuwahi kuandika.

Maswali ya mtihani wasikupe wewe uyapeleke sekretaria. Yakivuja, wa kwanza kulaumiwa ni mtoto wako. Mpe mwalimu flashi yenye ukurasa mtupu uliokwisha kupangwa saizi, ayachape mwenyewe. Mtihani wa taifa wa kumaliza msingi una njia nyingine: ombi linapitia kwa direktere kwenda Sous-Proved (mkuu wa ofisi ya elimu ya eneo lenu), na lipelekwe mapema katika mwaka wa shule, kabla orodha za watahiniwa hazijafungwa. Direktere akijibu "tutaona", mwombe tarehe, uiandike mbele yake chini ya mhuri.