Uzoefu wangu na huduma ya wakili wa rufaa baada ya kunyimwa viza ya muda mrefu ya Ufaransa

Huduma ninayoieleza hapa ni ya wakili wa masuala ya uhamiaji aliyesajiliwa nchini Ufaransa, ambaye huwasaidia kwa njia ya mtandao watu walionyimwa viza wakiwa nje ya nchi hiyo. Nilimtafuta baada ya ubalozi mdogo kukataa ombi langu la viza ya muda mrefu ya masomo, yaani viza ya kukaa zaidi ya siku 90, nikiwa tayari nimeshapata udahili wa shahada ya uzamili. Sitaji jina la ofisi yake, kwa kuwa ninachotaka msomaji akipime ni aina ya kazi inayofanywa, mipaka yake, na kama inastahili fedha inayolipwa.

Barua ya kukataliwa ilikuwa fomu yenye orodha ya sababu, na sababu moja ikiwa imetiwa alama: kwamba kulikuwa na hatari ya viza kutumiwa kwa lengo tofauti na lile lililoombewa. Hakukuwa na neno lolote kuhusu fedha, ingawa watu wengi hudhani kila anayenyimwa amepungukiwa na fedha. Kiwango kinachotakiwa kwa mwanafunzi ni euro 615 kwa kila mwezi wa masomo, na vielelezo vyangu vya benki vilikidhi kiwango hicho. Tatizo lilikuwa historia yangu ya masomo na kazi: shahada ya kwanza niliisomea uhasibu, nikafanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha nikaomba kusomea usimamizi wa rasilimali za maji. Mbele ya ofisa ambaye hakunijua, mabadiliko hayo yalionekana kama kisingizio cha kuhama. Ni sababu inayouma kuliko nyingine, kwa maana pengo la fedha huzibwa kwa hati nyingine ya benki, lakini shaka juu ya nia ya mtu haizibwi kwa karatasi moja.

Kabla ya kumfikia wakili huyo nilizungumza na wakala mmoja aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa viza zilizokataliwa. Hakuomba kuiona barua. Alitaja ada yake kwanza, akanihakikishia kwamba anao watu ndani, kisha akashauri tuongeze kiasi katika taarifa ya benki ili faili lipendeze. Mazungumzo yetu yaliishia hapo, na ninaomba kila anayesoma aishie hapo pia. Vituo vinavyopokea maombi kwa niaba ya balozi hukusanya nyaraka na alama za vidole tu. Havina mamlaka ya kuamua. Na taarifa ya benki iliyoghushiwa ikigunduliwa, humgeuza mtu aliyekuwa na swali moja la kujibu kuwa mtu asiyeaminika, na hali hiyo humfuata katika kila ombi atakalopeleka baadaye.

Wakili, kwa upande wake, aliniuliza swali moja kabla ya mengine yote: barua uliipokea tarehe gani? Baadaye nilielewa kwa nini. Mtu aliyenyimwa viza ya muda mrefu haruhusiwi kwenda mahakamani moja kwa moja. Sharti kwanza apeleke rufaa kwa tume maalumu ya rufaa za viza iliyoko katika mji wa Nantes, Ufaransa, iliyoanzishwa kwa amri ya serikali ya mwaka 2000. Hapo zamani muda wa kukata rufaa hiyo ulikuwa miezi miwili, lakini kutokana na amri ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, muda huo umepunguzwa na kuwa siku 30 tangu mwombaji alipoarifiwa. Maelezo mengi yanayosambazwa bado yanataja miezi miwili, na anayeyategemea anaweza kuupoteza mlango wa rufaa na wa mahakama kwa pamoja. Rufaa hiyo iandikwe kwa Kifaransa, itiwe saini, ieleze sababu zake, na iambatane na nakala ya uamuzi unaopingwa. Haitozwi ada yoyote. Wakili aliniambia hilo mwenyewe katika mazungumzo ya kwanza, akaongeza kwamba mwombaji anaweza kuiandika bila wakili, na kwamba nikiamua hivyo hatachukizwa. Imani yangu kwake ilianzia hapo.

Niliamua kumlipa kwa sababu ya aina ya sababu niliyopewa. Kazi aliyoifanya ndiyo sehemu ya huduma hii ninayoithamini zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Alianza kwa kulipangua faili langu lote. Nilikuwa nimeambatanisha hati nyingi ambazo kwa desturi watu huambiana kuwa zinasaidia: hati ya kiwanja, vyeti vya ndugu, picha za familia, barua za watu wenye vyeo wanaonisifu. Akaziondoa karibu zote. Alieleza kwamba ubalozi haukuwa umesema sina sababu ya kurudi nyumbani. Ulikuwa umesema haushawishiki kwamba ninakwenda kusoma. Hizo ni hoja mbili tofauti, na vielelezo vinavyojibu ya kwanza haviigusi ya pili. Kisha akanitaka nieleze, kwa maneno yangu na bila mapambo, jinsi mhasibu anavyofikia kusomea maji. Nilipomweleza kwamba kazi yangu ilikuwa kusimamia hesabu za miradi ya visima na mabomba, na kwamba nilikuwa nimeona miradi ikisimama kwa kuwa hakuna aliyepanga gharama za matengenezo tangu mwanzo, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa nini jambo hilo halionekani popote katika faili. Lilikuwa limeguswa kwa sentensi moja tu katika barua ya maombi, huku aya nyingine zikieleza sifa za chuo, ambazo chuo chenyewe kinazijua.

Kutoka hapo rufaa ilijengwa juu ya uti mmoja. Mwajiri aliandika barua inayotaja miradi niliyoihudumia, majukumu yangu, na nafasi ninayotarajiwa kuishika nikimaliza masomo. Tuliambatanisha mtaala wa kozi, tukiwa tumetia alama masomo yanayohusu gharama na uendeshaji wa huduma za maji, ili msomaji wa rufaa aone kwa macho yake mahali ambapo uhasibu na maji hukutana. Mratibu wa kozi alithibitisha kwa maandishi kwamba programu hiyo hupokea wanafunzi kutoka fani tofauti, wakiwemo wa uchumi na fedha. Kila kielelezo kilipewa namba, na kila namba ikatajwa katika barua mahali pake. Barua yenyewe haikuwa ndefu. Haikulalamika, haikumshutumu ofisa yeyote, na haikuomba huruma. Ilionyesha kwamba uamuzi ulitokana na kutazama majina ya masomo pasipo kutazama kazi iliyoyaunganisha.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba hakukubali kutuma neno lolote ambalo mimi mwenyewe nisingeweza kulieleza. Kifaransa changu kilikuwa cha mwanafunzi, hivyo tulikaa kwenye simu ya video tukipitia rasimu aya kwa aya, naye akinitaka niseme kila hoja kwa lugha ninayoimudu kabla hatujaendelea. Sentensi moja iliyokuza wadhifa wangu kazini niliomba ibadilishwe, naye akaibadilisha papo hapo. Wapo wataalamu wanaoiona saini ya mteja kuwa utaratibu tu. Huyu aliichukulia kuwa ni ahadi ya mteja juu ya kilichoandikwa.

Upungufu haukukosekana, na haki inataka niuseme. Ada yake ilizidi kwa mbali ada ya viza yenyewe, ambayo ni euro 99 kwa viza ya muda mrefu ya kawaida, au euro 50 kwa mwanafunzi aliyepitia utaratibu wa Campus France, wakala wa serikali ya Ufaransa unaoshughulikia wanafunzi wa kigeni, na ambayo hairudishwi ombi linapokataliwa. Hilo ninalikubali, maana kazi ilikuwa ya saa nyingi. Nisilolikubali ni kwamba mkataba wa awali haukueleza wazi kwamba gharama za mfasiri aliyeidhinishwa hazimo ndani yake, wala kwamba hatua ya mahakama ingekuwa na ada yake ya peke yake. Niliyajua yote mawili kwa kuuliza, tena katikati ya kazi. Pia, kati ya kutuma rasimu na kuituma rufaa kulipita siku ambazo barua pepe zangu hazikujibiwa, ilhali yeye ndiye aliyenifundisha kuuogopa ukomo wa muda. Rufaa ilitumwa ndani ya muda, na uthibitisho wa kupokewa kwake nilipewa baada ya kuuomba. Mteja aliye mbali, anayehesabu siku bila kulala vizuri, anastahili kupewa uthibitisho huo bila kuomba.

Kuhusu matokeo, alikuwa amenionya mapema kwamba tume hiyo mara nyingi hainyanyui kalamu, na kwamba kisheria ukimya wake ukifika miezi miwili huhesabiwa kuwa rufaa imekataliwa. Tume ikikubaliana na mwombaji, huwapendekezea mawaziri wa mambo ya nje na wa mambo ya ndani kwamba viza itolewe. Mimi nilipata ukimya. Kuujua mapema hakukuondoa uchungu, lakini kulinipa nafasi ya kupanga.

Njia zilizobaki alizieleza bila kunisukuma kuelekea ile yenye malipo makubwa. Ya kwanza ilikuwa Mahakama ya Utawala ya Nantes, ambayo ndiyo husikiliza kesi za kunyimwa viza za Ufaransa kutoka duniani kote. Kesi ya kawaida hapo huweza kuchukua muda mrefu kuliko mwaka wa masomo wenyewe. Ipo pia njia ya dharura ya kuomba utekelezaji wa uamuzi usimamishwe, ambayo humtaka mwombaji athibitishe uharaka na shaka nzito juu ya uhalali wa uamuzi. Njia hiyo inaweza kufunguliwa hata kabla tume haijajibu, mradi rufaa imeshapelekwa kwake. Hata hivyo, hakimu akikubali, mara nyingi huamuru ombi lichunguzwe upya, na uchunguzi mpya unaweza kuzaa jibu lilelile kwa sababu nyingine. Njia ya pili ilikuwa kupeleka ombi jipya, kwa kuwa sheria haimwekei aliyenyimwa kipindi chochote cha kusubiri kabla ya kuomba tena.

Chuo kilikuwa kimekubali kuahirisha udahili wangu hadi muhula wa mwaka uliofuata, na jambo hilo liliudhoofisha uharaka ambao ningeuhitaji mbele ya hakimu. Wakili alilisema hilo waziwazi, ingawa kwa kulisema alijikosesha malipo ya kesi. Tuliamua nipeleke ombi jipya, nikitumia faili lililojengwa kwa ajili ya rufaa, pamoja na barua inayotaja ombi la kwanza na jinsi shaka iliyotolewa wakati ule inavyojibiwa. Aliusisitiza uwazi huo. Rekodi zipo, na mwombaji anayeficha kukataliwa kwake huwa ameipa ofisi sababu mpya kwa mikono yake. Katika mahojiano niliulizwa swali lilelile kuhusu uhasibu na maji, na safari hii nilikuwa na jibu nililokuwa nimelifikiria hadi likawa langu kabisa. Viza ilitolewa.

Siwezi kumwambia msomaji kwamba wakili ndiye aliyeileta. Uamuzi ulikuwa wa ubalozi, na mwombaji mwenye faili lililopangwa vizuri anaweza bado kukataliwa. Ninachoweza kusema ni kwamba nililipia usomaji wa makini wa barua ya kukataliwa na nidhamu ya kuijibu hiyo peke yake, na vyote viwili nilivipata. Kwa mtu aliyenyimwa kwa kukosa hati moja inayojulikana, kama vile bima au uthibitisho wa makazi, sioni haja ya wakili. Aitafute hati hiyo aombe upya. Kwa aliyeambiwa kwamba lengo lake haliaminiki, au ambaye ndoa yake au watoto wake wako upande wa pili na hawezi kungoja mwaka mwingine, fedha hiyo ina kazi ya kufanya. Aulize kabla ya kulipa: ada inaishia hatua gani, nani analipia tafsiri, rufaa itatumwa tarehe ipi, na uthibitisho wake utanifikia lini. Majibu yaje kwa maandishi.

Mkataba wetu ulikuwa umekwisha viza ilipobandikwa kwenye pasipoti. Hata hivyo aliniandikia mara moja zaidi, bila kutoza chochote, kunikumbusha kwamba viza ya muda mrefu inayohesabika kuwa kibali cha ukaazi lazima ithibitishwe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuingia Ufaransa, na kwamba asiyefanya hivyo hujikuta akiishi nchini bila uhalali hata kama viza yake inaonyesha tarehe za mbele.